"Si Uko Tu Nyumbani?" Miaka Minne Katika Shule Isiyo na Geti

Kila Januari na kila Septemba inboksi yangu hujaa swali moja: "Ile shule ya mtandaoni ulisoma, ni rahisi?" Wengi ni wanafunzi wanaotafuta njia ya kutoroka bodingi. Wengine ni wazazi. Hao nawajua mapema, kwa sababu wanaanza na "Habari yako binti yangu" na kumaliza na "Mungu akubariki."

Leo najibu mara moja, kwa urefu, ili nikiulizwa tena niwe natuma tu linki. Kaa vizuri, hii si ya kusoma ukingoja matatu ijae.

Jibu fupi: hapana, si rahisi. Nilisoma bodingi mwaka mmoja na miezi mitatu. Nikasoma shule ya mtandaoni miaka minne. Nikaingia chuo miezi minane, nikaacha. Kati ya hizo tatu, iliyonitoa jasho kabisa ni ile niliyosomea kwa meza ya kukunja, juu nimevaa blauzi ya heshima, chini nimejifunga leso.

Lakini ugumu wenyewe hauko pale watu wanadhani. Watu wanadhani ugumu ni intaneti. Intaneti ni shida, sikatai. Ila kuna mambo mawili mazito zaidi, na hakuna tangazo la shule litakuambia. La kwanza ni mtu kukuuliza "umejuaje?" kila siku ya Mungu. La pili ni watu wa nyumbani kwenu kukuuliza "si uko tu nyumbani?"

Twende polepole.

Machi 2020 nilikuwa kidato cha pili. Corona ikaingia, shule zikafungwa, tukarudi nyumbani na masanduku yetu tukijua ni wiki mbili tatu hivi. Mnakumbuka ilivyoenda. Masomo yakahamia redio na televisheni, kwa wale walio na redio na televisheni. Julai wizara ikatangaza kwamba huo mwaka wa masomo umepotea. Oktoba 12 wakarudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Sisi wengine tukaambiwa tungoje Januari 4, 2021.

Hiyo miezi nilikuwa napima maharagwe kwa duka la mathe la nafaka huku Umoja. Dawati mwenzangu alikuwa kwao Kitui anachunga mbuzi, na tulikuwa tunaongea Jumapili tu, akiazima simu ya mamake. Anti yangu ni nesi Uingereza. Siku moja akapiga akasema kuna shule, walimu wako huko kwao, wanafunzi wako kila mahali, wanafundisha mtaala wa Cambridge na wanatoa basari kidogo. Nikafanya mtihani wa kuingia. Nikahojiwa kwa vidio. Nikapata nusu ya karo, anti akabeba nusu ile nyingine, mathe akabeba intaneti na pesa za mtihani. Jina la shule siliweki hapa, kwa hivyo msinisumbue kwa komenti.

Nilianza Septemba 2020, nikiwa na miaka kumi na tano na laptopu ya mkono wa pili iliyokuwa ikipata joto kama jiko.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni saa. Wakati wa baridi yao, saa tatu asubuhi ya London ni saa sita mchana ya Nairobi. Halafu Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, na ghafla ile saa tatu yao ni saa tano yetu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanazirudisha. Sisi tunaoishi karibu na ikweta, jua letu likichomoza saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hayo mambo tungeyajulia wapi? Kwa hivyo siku yangu ya shule ilianza mchana na kuisha jioni, saa ile kila mtu mtaani anarudi nyumbani na kelele zake.

Cha pili ni kwamba hakuna pa kujificha. Bodingi tulikuwa hamsini na wawili darasani. Kama hujasoma, unajikunja nyuma ya msichana mrefu na unatoka salama. Huku tulikuwa kumi na wanne. Kulikuwa na jamaa wa Lagos, wasichana wawili wa Dubai, mmoja wa Doha, na mwingine aliyeishi shambani huko Wales na intaneti yake ilikuwa mbaya kuliko yangu, kitu kilichonipa amani sana. Kila mtu ako kwa kiboksi chake, uso mzima unaonekana. Mwalimu hakuja kukusomea noti. Kurasa ulizipewa tangu jana, wakati mwingine ishirini, na kipindi kinaanza na jina lako: "Haya, mwandishi anadai nini hapa? Unakubaliana naye?"

Unakubaliana naye! Mimi nimetoka mahali ambapo kitabu kikisema, kimesema. Sasa mtu mzima ananiuliza kama nakubaliana na kitabu. Wiki ya kwanza nilikuwa nazima kamera nikisingizia mtandao.

Insha yangu ya kwanza ya Historia ilirudi na alama ambazo sikuwahi kupata maishani, na sisemi kwa uzuri. Kule nilikotoka ningewekewa alama ya wino mwekundu na "jitahidi zaidi." Huku nilitumiwa sauti ya dakika tisa. Dakika tisa, mtu mmoja, insha moja. Alienda aya kwa aya. Hapa umedai, hujathibitisha. Hapa umesimulia, sikukuomba hadithi. Hapa una wazo zuri halafu umeliacha barabarani. Iandike tena, Ijumaa. Nililia kidogo, nikaandika tena. Ikarudi na sauti ya dakika sita. Nikasherehekea hizo dakika tatu zilizopungua.

Sasa niwape mfano ndio mwelewe hili neno "umejuaje."

Tulikuwa tunasoma mikataba ya amani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Swali: Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa wa haki? Darasa zima linaongea Ujerumani, Ufaransa, fidia, mipaka. Mimi nikafungua maiki nikasema Ujerumani ilinyang'anywa pia makoloni yake, na moja lilikuwa Tanganyika, hapa kwa majirani. Ikakabidhiwa Uingereza. Na wakati wa kujadili haki, wenyewe wa Tanganyika hawakuulizwa. Tena hiyo vita ilipiganwa hadi huku kwetu, na watu wetu ndio waliobeba mizigo.

Mwalimu akatulia. Halafu: "Umejuaje?"

Nikasema, kwa sababu ya Kariokor. Nikaeleza kwamba Nairobi kuna mahali panaitwa Kariokor, kuna soko, watu wananunua vyondo, wanakula nyama, na jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi. Dar es Salaam wana Kariakoo, jina ni lilelile. Darasa likafurahi. Mwalimu akafurahi pia, halafu akasema: "Jina ni dalili. Ushahidi uko wapi?"

Jumamosi nikapanda matatu hadi tauni. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba za askari na mpagazi, ziko hapo tangu 1928. Nimepita hapo tangu nikiwa mtoto nimeshikwa mkono na sikuwahi kusimama. Siku hiyo nilisimama. Maandishi yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Nilipiga picha kila upande hadi watu wakaanza kuniangalia vibaya. Kisha nikakaa na swali ambalo hakuna mtu alikuwa amenifundisha kuuliza: aliyejenga hii kitu alitaka niamini nini? Wakoloni wenyewe ndio waliosimamisha sanamu ya kuwasifu wapagazi. Maelfu ya hao wapagazi walikufa, wengi kwa magonjwa, na pale huoni orodha ya majina yao. Sasa hiyo ni shukrani ama ni njia ya kufunga mjadala?

Hiyo insha ilirudi na sauti ya dakika mbili. Nimeihifadhi hadi leo.

Mkiniuliza shule kali ni gani, mimi hiyo ndiyo nitawaambia. Ukali wa viboko na kengele ya saa kumi alfajiri naujua, nimeupitia, na sikumbuki ulinifundisha nini zaidi ya kuoga maji baridi haraka. Ukali ninaouheshimu ni wa mtu kusoma kazi yako yote na kukataa kukuacha uende na uvivu wako. Huo ukali haubanwi na ukuta. Unaweza kufanyika chini ya mwembe. Unahitaji tu mwalimu mwenye muda na mwanafunzi mwenye utulivu.

Na hapo kwa utulivu ndipo balaa inaanzia.

Mimi ni kifungua mimba. Tuko watatu, mathe ako dukani tangu asubuhi, nyumba ni ya vyumba viwili. Wewe msichana wa kifungua mimba unayesoma hii unajua tayari naenda wapi. Mtoto akiwa bodingi, amepotea kwa hesabu za nyumbani. Hakuna mtu anampigia simu atoe nguo kwa kamba. Lakini mtoto akiwa nyumbani na laptopu, machoni pa ploti nzima huyo amekaa tu. Wa gesi akija, nimfungulie. Maji yakija, nijaze mitungi, kwa sababu yakienda yameenda hadi Alhamisi. Ndugu yangu mdogo akitoka nasari, nimpokee. Jirani akitaka kukimbia sokoni, ananiachia mtoto mlangoni na sentensi moja: "Si uko tu nyumbani?"

Siku moja katikati ya mtihani wa Uchumi wa dakika arubaini, nilifungua mlango mara tatu. Mara ya tatu nilirudi nikiwa nimebeba mtoto wa wenyewe kwa paja, kamera imewaka, na yule jamaa wa Lagos akaandika kwa chati: "Hongera." Darasa lilicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda kulilia bafuni.

Nikamwambia mathe usiku huo. Sikumlaumu, hata yeye alikuwa amezoea kuniita. Alinisikiliza akipiga hesabu za siku. Kesho yake akakata katoni kutoka dukani, akaandika kwa herufi kubwa kwa makapeni, akabandika mlangoni: YUKO SHULE. SAA SITA HADI SAA KUMI NA MBILI. Jirani alipokuja na mtoto wake, mathe alikuwa amepitia nyumbani kuchukua chakula. Akamwambia, "Huyu hayuko. Ameenda shule." Mimi niko hatua mbili nyuma ya pazia, nasikia kila kitu. "Ameenda shule gani na viatu vyake viko hapa?" "Ameenda," mathe akasema, akafunga mlango.

Wasee, nimepewa zawadi kadhaa maishani. Hiyo iko juu kabisa.

Kwa sababu hiyo ndiyo siri ambayo hizo shule haziuzi: shule ya mtandaoni inachukua kazi ya geti, kengele, bweni, mpishi na mwalimu wa zamu, na kuiacha yote kwa familia yako. Kama familia ina chumba cha ziada, mfanyakazi wa nyumbani na jenereta, hawataona tofauti. Kama familia ni mama mmoja na duka la nafaka, hiyo kazi yote inamwangukia yeye na watoto wake. Dada yangu mdogo alijifunza kupika chapati akiwa na miaka kumi kwa sababu mimi nilikuwa "shule." Jina lake halikuwa kwa barua ya basari, lakini alilipa.

Tuongee pesa na vifaa, maana mmeuliza pia. Waifai ya nyumbani ilikuwa inakula karibu elfu tatu kwa mwezi, na kando nilikuwa na bando kwa simu ya dharura. Stima nayo ni hadithi nyingine. Januari 11, 2022 ilipotea karibu nchi nzima, asubuhi, na mchana huo nilikuwa na mtihani wa majaribio wa Kemia. Laptopu ilikuwa na asilimia thelathini na moja. Niliandika majibu kwa karatasi nikitumia skrini kuangalia maswali tu, mwanga umepunguzwa hadi nikawa nasoma kwa imani. Nikapiga picha majibu, nikatuma kwa bando. Shule ilielewa. Lakini yule msichana wa Dubai alifanya mtihani uleule akiwa na kiyoyozi, na alama zetu ziliwekwa kwa orodha moja.

Halafu kuna jambo ambalo lilinigharimu ndoto, na nataka mlijue kabla mjaze fomu. Mitihani ya Cambridge kama uko shule ya mtandaoni unaifanya kama mtahiniwa binafsi. Unatafuta kituo cha mtihani, unajisajili mwenyewe, unalipa somo kwa somo, na siku ikifika unakaa kwa ukumbi na watu usiowajua. Kwa IGCSE, sayansi ina karatasi ya maandishi inayoweza kuchukua nafasi ya maabara. Unaulizwa kuhusu jaribio bila kuligusa. Hapo nilipita vizuri. Lakini ukifika A Level, Biolojia na Kemia zina karatasi ya kufanya majaribio kwa mikono yako, ndani ya maabara, ukiangaliwa. Nani atampa mtahiniwa binafsi maabara? Vituo nilivyouliza, vingine vilisema hapana, vingine vikataja bei ambayo mathe aliisikia akacheka ile kicheko ya uchungu.

Nilikuwa nataka Biolojia. Nilikuwa nataka kuwa kama anti. Nikachukua Historia, Uchumi na Hisabati. Nazipenda, na ziliniendea poa, ila msije mkaambiwa kwamba mtandaoni milango yote iko wazi. Ingine iko wazi kwa skrini tu. Kama mtoto wako anaota udaktari au uinjinia, uliza swali la maabara kabla hujauliza swali la karo.

Na upweke? Upo. Agosti 2022 matokeo ya IGCSE yalitoka nikiwa dukani, kati ya gunia la ndengu na gunia la njugu. Nilifungua kwa simu, nikapiga nduru, mteja akaangusha gorogoro. Mathe akanikumbatia na mikono ya unga. Ilikuwa siku nzuri sana. Lakini kulikuwa na kimya fulani baadaye, kwa sababu wale wengine kumi na watatu walikuwa Lagos na Dubai na Wales, na huwezi kurushwa juu na watu walio ndani ya viboksi. Dawati mwenzangu alirudi shule Januari 2021, akafanya KCSE yake mwisho wa 2022. Tulipokutana alinisimulia mambo ya bwenini mpaka usiku: nani alishikwa na simu, nani alifukuzwa densi, mwalimu gani aliwalilia siku ya mwisho. Mimi nilikuwa na insha nzuri za kumwonyesha. Yeye alikuwa na watu. Hadi leo wana kundi lao, mmoja akifiwa wanachanga wote. Mimi nikifiwa nitachangiwa na nani, yule wa Wales?

Sasa lile swali ambalo watu huniuliza kwa ubaya kidogo: "Shule yote hiyo ya wazungu, halafu ukaacha chuo. Ilisaidia nini?"

Chuo nilianza Septemba 2024. Siku ya kwanza tulikuwa zaidi ya mia tatu kwa ukumbi, wengine wamekaa kwa ngazi, na mhadhiri anasoma yaliyo kwa ukuta. Simlaumu, mtu mmoja atasikiliza vipi watu mia tatu? Lakini muhula mzima niliandika insha moja, na ilirudi na namba tu, hakuna neno. Basari ilikuwa imeisha na sekondari, anti alikuwa amejibeba na yake, na karo ya muhula wa pili ilikuwa inataka kumeza duka. Mathe alikuwa tayari kuuza freezer. Nikakataa. Niliondoka baada ya miezi minane. Nikipata pesa na sababu nzuri nitarudi, na kama sitarudi dunia haitaanguka.

Lakini ilisaidia nini? Nitawaambia. Juni 2024 nilimaliza karatasi ya mwisho ya A Level wakati nchi nzima inachemka kuhusu Mswada wa Fedha. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na orodha yake ya kodi, nyingine za kweli, nyingine za kuchomoa hewani. Vijana wenzangu walianza kusoma mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, na kuutafsiri ili wazazi waelewe. Nikatoa meza yangu ya kukunja, nikafungua mswada, nikarekodi vidio nikionyesha ukurasa wa kila kitu ninachosema. VAT ya asilimia 16 kwa mkate: ilikuwa imependekezwa, hii hapa. Kile kingine mlichotumiwa jana: hakimo, tafuteni mwenyewe. Hiyo ndiyo vidio yangu ya kwanza iliyosambaa. Wengi wenu mlinijua kwa hiyo.

Nikirekodi nilikuwa nasikia sauti moja tu kichwani: umejuaje? Ushahidi uko wapi? Hiyo ndiyo diploma yangu. Haina muhuri, lakini ndiyo inalipa kodi ya nyumba kwa sasa.

Nimalize na dada yangu, kwa sababu hii si hadithi yangu peke yangu. Alikuwa kwa lile kundi la kwanza lililofanya KJSEA mwisho wa 2025, na Januari 2026 akafaa kuingia gredi ya kumi. Mathe akaanza: "Si tumuulize anti tena? Yake iliiva." Tukakaa watatu kwa meza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutetea, nina noti kabisa. Dada yangu akasema hataki. Tukamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nilikuona. Ulikuwa unasoma sana lakini ulikuwa unaongea na ukuta." Halafu akaongeza: "Na nani atapika nikiwa shule? Mimi ndio nilikuwa napika."

Noti zangu nilizikunja.

Sasa ako shule ya kutwa, anavuka barabara tu, darasa limejaa, ana marafiki wanne wanaopiga kelele kwa simu hadi saa nne usiku. Wanapewa noti za kunakili. Kwa hivyo kila Jumamosi asubuhi ananisomea kitu kimoja alichofundishwa wiki hiyo, na mimi namuuliza swali moja. Anachukia hilo swali. Wiki iliyopita alimuuliza mwalimu wake wa Jiografia lilelile, akaambiwa akae chini. Wiki hiyohiyo mwalimu akarudi na jibu, na ramani. Nilimpenda huyo mwalimu bila kumwona.

Basi, wewe uliyeniandikia. Kabla ya kujaza fomu ya shule yoyote ya mtandaoni, uliza haya. Darasa lina watu wangapi? Nani anasoma kazi yangu, na anarudisha maneno ama namba? Nitafanyia mitihani wapi, na nani analipa? Kama nataka sayansi, maabara iko wapi? Nyumbani nina meza ambayo hakuna mtu atanihamisha? Na mimi nikiwa darasani, kazi zangu za nyumba zitafanywa na nani, na huyo mtu ameulizwa?

Kama majibu yanakaa sawa, nenda. Itakunoa kabisa. Kama hayakai, shule ya hapo karibu na mtu mmoja wa kukuuliza "umejuaje" kila wiki inaweza kukufikisha mbali.

Na wewe mzazi, Mungu akubariki pia. Ukishamlipia karo, ukamuona amekaa mbele ya laptopu saa nane mchana, ameshika kalamu, anaongea na viboksi, tafadhali. Wa gesi akibisha, mfungulie wewe.